Filme za katuni za anga zinapokatwa katikati: mwisho wa hadithi unabaki kwa nani?

Watoto wako mu shimo wanachimba. Walinzi wao ni mitambo. Kila mumoja alitoka ku sayari yake na anasema luga yake, na mwenye shimo amekataza mashini za kutafsiri, kusudi wachimbaji wasielewane. Watu wenye hawaelewani hawawezi kupanga kutoroka. Halafu siku moja kijana wa miaka 17, jina Dal, anaanguka chini kabisa mu mwamba na kukuta chombo kikubwa cha anga kimefunikwa na mawe, kizima, kinangoja mutu wa kukiendesha.

Mu Haut-Katanga hakuna haja ya kueleza hii picha mara mbili. Mwenye alisha pita Kambove, Likasi ao barabara ya Kolwezi anajua mutoto mwenye kubeba mufuko wa mawe anafanana namna gani. Lakini hili shimo haliko Katanga. Liko ku Tars Lamora, jiwe lenye linaelea mu anga, na madini yake inaitwa chimerium. Ni hadithi ya Star Trek: Prodigy, filme ya katuni ya Marekani yenye ilianza kuonyeshwa ku intaneti, kwenye Paramount+, tarehe 28 Oktoba 2021.

Tarehe 23 Juni 2023 wenye filme walitangaza mambo mawili siku moja. La kwanza: Prodigy imekatwa. La pili: itaondolewa kabisa ku Paramount+, hata zile epizodi 20 zenye watu walikuwa wanaendelea kutazama. Mutu mwenye alikuwa analipa feza kila mwezi alifungua telefone na kukuta nafasi yake haina kitu. Na jambo lenye liliwashangaza wapenzi wa ile hadithi zaidi ya yote ni kwamba sezoni ya pili haikuwa wazo tu ku karatasi. Kazi yake ilikuwa mbele sana, karibu kumalizika.

Mu Kasenga swali hili linaweza kuonekana la mbali. Watu wako na shida ya barabara, ya samaki wenye kupunguka mu Luapula, ya umeme. Nani anajali katuni ya Wamarekani? Lakini ukilifuata vizuri, linafika ku mambo yenye kila mutu mwenye kutunga hadithi huku atakutana nayo, awe wa katuni, wa teatre ao wa redio: mwenye kulipa akiondoka, mwisho wa hadithi unabaki mikononi mwa nani?

Mafundo yenye yalibaki

Inafaa kuona kwanza ni kitu gani kilibaki wazi. Sezoni ya kwanza ilimalizika mwisho wa mwezi wa 12 mwaka wa 2022. Kile chombo, Protostar, kilikuwa kimekwisha kuvunjika. Kapiteni Chakotay, mwenye alikiongoza mbele ya watoto kukikuta, alikuwa amepotea mu wakati wenye haujafika, miaka 52 mbele, na Admiral Janeway alikuwa anatayarisha chombo kingine cha kumutafuta. Gwyn, binti wa yule mwenye shimo, alikuwa ameachana na wenzake na kwenda peke yake ku Solum, sayari ya babake, kuzuia vita vya wenyewe kwa wenyewe mbele haviyaanza.

Huyu Gwyn ni mutu wa kuangalia sana. Yeye njo alifundishwa luga za wachimbaji wote, kusudi awe kinywa cha babake mu shimo. Alianza kama mutafsiri wa mwenye nguvu, akageuka kuwa upande wa wachimbaji. Mu muji wenye Kibemba, Kiswahili na Kifaransa vinapita mu kinywa kimoja asubuhi mpaka mangaribi, mutoto wa aina hiyo haiko mugeni. Na filme ikamuacha mu njia, anasafiri peke yake, bila mutu kujua alifika ao hakufika.

Hakuna mwenye alisimama na kusema hadithi ilikuwa mbaya. Ni mambo ya hesabu. Wakati ule kompani kubwa za Marekani zilikuwa zimetumia feza nyingi sana kushindana na Netflix, na wenye kuweka mali yao mu kompani walianza kuuliza faida iko wapi. Kuondoa filme ku orodha kunaruhusu kompani kuandika mu vitabu vyake kwamba ile mali imepoteza bei, na pia kupunguza malipo yenye inadaiwa na watungaji na waigizaji wakati filme inaendelea kuonyeshwa. Ni ajabu kwa mutu wa kawaida: kitu chenye kilitengenezwa kwa feza nyingi kinasaidia zaidi kikifichwa kuliko kikionekana. Muvuvi hawezi kuelewa biashara yenye wavu unaleta faida ukichomwa.

Prodigy iliponyoka. Wapenzi wake waliandika majina yao kwa wingi ku barua ya kuomba irudishwe, na mwezi wa 10 wa mwaka huo huo ikajulikana kwamba Netflix imeichukua. Sezoni ya kwanza ikarudi siku ya Noeli 2023, na ya pili, epizodi zote 20 mara moja, tarehe 1 Julai 2024. Chakotay akapatikana. Gwyn akafika Solum. Lakini kuponyoka kwake kulitokana na jambo moja tu: kazi ilikuwa karibu imalizike, kwa hiyo munununuzi alikuwa na kitu cha kununua. Hadithi yenye imebaki ku karatasi haina soko la namna hiyo.

"Haiyafika"

Sasa, kutoka Lubumbashi mpaka Kasenga, filme hazipite ku njia yenye Paramount inajua. Zinapita mu flashi na mu kadi za telefone. Kijana mwenye kuwa na ordinatere na mutambo wa umeme wa jua anakopisha muziki, filme za Nigeria, za Wachina, katuni za watoto, kwa bei ndogo. Zimetafsiriwa mu Kifaransa, mara ingine hazijatafsiriwa. Mutoto anatazama epizodi tisa, ya kumi haimo. Anarudi.

"Yaya, switi yake iko?"

"Haiyafika."

Hii "haiyafika" ni jibu lenye linafunika kila kitu. Inaweza kuwa epizodi iko Lubumbashi lakini hakuna mwenye amepanda lori nayo. Inaweza kuwa flashi iliharibika. Inaweza kuwa ku Marekani kwenyewe ile hadithi ilikufa miaka mingi. Kwa yule mutoto hakuna tofauti. Yeye anangoja. Mutoto wa Paris ao wa Chicago anasoma tangazo ku intaneti, anakasirika, anaandika. Wa huku hapewi hata tangazo la kifo. Anabaki na tumaini lenye halina tarehe, halafu anakuwa mukubwa na kusahau, ao hasahau.

Kuna upande mwingine wa hiyo njia wenye hausemwi sana. Katuni ingine ya anga, Final Space ya Mumarekani Olan Rogers, ilianza mwaka wa 2018 na ikakatwa mwezi wa 9 mwaka wa 2021 kisha sezoni tatu, mashujaa wakiwa bado katikati ya vita na adui yao Invictus. Baadaye, wakati kompani yenye filme iliunganishwa na ingine na kuwa Warner Bros. Discovery, Rogers akaeleza kwamba kazi yake inafutwa mu hesabu na kuondolewa. Watu mamia walifanya ile kazi kwa miaka. Wenye walibaki nayo ni wale wenye walikuwa wameinunua ku diski, na wale wenye walikuwa wameikopisha kinyume cha sheria. Sheria ya haki za watungaji iko na maana yake, na kazi ya mutu inapaswa kulipwa; hilo halina mabishano. Lakini wakati mwenye haki mwenyewe anachoma gala, ule mwizi mudogo mwenye flashi anakuwa njo mwenye kulinda maktaba. Mawakili hawana jibu zuri kwa hilo.

Rogers mwenyewe hakunyamaza. Aliomba, akapata ruhusa ya kumaliza hadithi yake mu kitabu cha picha, chenye wapenzi walilipia mbele hakijachapwa. Ona hilo neno: ruhusa. Mutu mwenye alimuzaa shujaa, mwenye hata alimupa sauti yake, alipaswa kuomba ruhusa kusudi aseme kama shujaa alikufa ao alipona.

Vita yenye ilingoja miaka saba

Kati ya hadithi zote za anga zenye zilikatwa, ile ya Star Wars: The Clone Wars njo inafundisha zaidi, juu vipande vyake vilitawanyika mbele ya macho ya watu wote.

Ilianza ku Cartoon Network mwezi wa 10 mwaka wa 2008. Tarehe 30 Oktoba 2012 Disney ikatangaza kununua Lucasfilm kwa dola zaidi ya miliari 4. Katuni ilikuwa inapita ku televizyo ya kompani ingine, na mwenye mali mupya alikuwa na mipango yake. Mwezi wa 3 mwaka wa 2013 watu wakaambiwa inasimama. Epizodi ya mwisho kupita ilikuwa imeonyesha Ahsoka Tano, mwanafunzi wa Anakin, akishitakiwa kwa kosa lenye hakufanya. Alipopatikana hana kosa, wakubwa wake wakamwambia arudi. Akakataa. Akashuka ngazi za hekalu, peke yake, na filme ikaishia pale.

Shida ni kwamba wenye kutazama walikuwa tayari wanajua mwisho wa vita. Filme ya sinema ya mwaka wa 2005 ilikuwa imekwisha kuonyesha Anakin anageuka na kuwaua wenzake. Ahsoka hakuonekana mu ile filme hata mara moja, kwa sababu rahisi: wakati ile filme ilitengenezwa, yeye alikuwa hajatungwa. Kwa hiyo watazamaji walibaki na hesabu yenye haifungike. Alikuwa wapi siku ile? Alikufa? Alijua?

Halafu vipande vikaanza kutoka, kimoja kimoja. Epizodi 13 zenye zilikuwa zimemalizika ziliwekwa ku Netflix mwezi wa 3 mwaka wa 2014. Epizodi ingine nne, za safari ya Obi-Wan na Anakin ku sayari Utapau, zilionyeshwa zikiwa bado ni michoro ya kwanza, watu wanatembea sawa masanamu ya udongo, bila mwangaza wala nguo za kumalizika, lakini sauti zote ziko. Zingine nne, za kikosi cha askari wenye kuitwa Bad Batch, zikaonyeshwa vile vile mu 2015. Maandishi nane yenye hayakuchorwa hata kidogo yakageuzwa kuwa kitabu, Dark Disciple, chenye Christie Golden aliandika mu mwaka huo huo. Mengine manne, ya Darth Maul, yakawa hadithi ya picha.

Watu wenye kupenda kila kitu walifurahi. Lakini fikiria mutu mwenye alikuwa anafuata ku televizyo tu. Ili ajue mwisho wa mama mumoja, Asajj Ventress, alipaswa kununua kitabu mu Kiingereza. Mu kile kitabu Ventress anakufa na kuzikwa. Kisha, mu 2024, akatokea tena muzima mu katuni ingine, na ikapasa kutengeneza epizodi zingine mu 2025 za kueleza alifufuka namna gani. Hadithi yenye inakatwa na kushonwa na mikono mingi inapata makovu.

Mwezi wa 7 mwaka wa 2018, kisha miaka mitano ya wapenzi kuomba, Disney ikasema Clone Wars itarudi. Sezoni ya mwisho, epizodi 12, ilianza mwezi wa 2 mwaka wa 2020 na ikafungwa tarehe 4 Mei. Ni pale njo watu waliona Ahsoka alikuwa wapi siku ile: mu chombo, pamoja na askari wenye alikuwa amewaongoza, wakati amri ya kumuua inafika. Rafiki yake Rex anajaribu kupigana na mukono wake mwenyewe wenye unainua bunduki. Ni kazi nzuri sana, na wenye kuitengeneza walisema wazi kwamba ile miaka ya kungoja iliwapa ufundi na mashini zenye hawakuwa nazo mu 2013. Hilo ni kweli, na linapaswa kusemwa, hata kama linaharibu kidogo malalamiko. Epizodi za Utapau, lakini, zilibaki vile zilivyo, masanamu ya udongo. Kile kisa hakikuvalishwa nguo.

Na wale wenye walikuwa na miaka 10 mu 2013 walikuwa na miaka 17 mu 2020. Hadithi ilitungwa kwa mutoto, ikamukuta kijana.

Mwanamuke mwenye jina la Kiswahili

Kuna fundo moja la zamani zaidi, na hilo linagusa luga yenyewe. Star Trek ya kwanza, yenye watu halisi, ilianza ku televizyo ya Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Mu kile chombo alikuwemo Luteni Uhura, mwanamuke mweusi mwenye kusimamia mawasiliano, akichezwa na Nichelle Nichols. Jina lilitoka ku neno la Kiswahili "uhuru", mu miaka yenye lile neno lilikuwa mu vinywa vya watu Dar es Salaam, Nairobi na Léopoldville. Mu epizodi ya kwanza kabisa kupita, kiumbe kimoja kinajigeuza kuwa mwanaume ili kimudanganye, na kinamusemesha Kiswahili.

Ile filme ilikatwa mu 1969, kisha sezoni tatu. Kila juma ilikuwa inaanza kwa kutangaza safari ya miaka mitano. Watazamaji walipata mitatu. Mu 1973, tarehe ile ile 8 Septemba, ikarudi kama katuni, yenye kutengenezwa na Filmation, na sauti za waigizaji karibu wote wa zamani. Katuni ilikuwa ya bei rahisi. Michoro inarudiliwa, kinywa kinatembea lakini mwili haisogei. Lakini mu epizodi moja, wanaume wote wakubwa wa chombo wananyanganywa nguvu na wanawake wa sayari fulani, na Uhura anakamata uongozi wa chombo mara ya kwanza. Anatoa amri, anatuma ekipe ya wanawake, anawaokoa. Filme ya watu halisi, mu epizodi 79, haikumuachia hilo hata siku moja.

Halafu, mwezi wa 10 mwaka wa 1974, kisha epizodi 22, nayo ikakatwa.

Uhura alibaki namna gani? Bila jina la kwanza. Bila muji wa kuzaliwa, bila mama wala baba, bila ndugu. Kila mutu alijua anasema Kiswahili, lakini hakuna mwenye aliuliza alikifundishwa na nani. Wanaume wa kile chombo walikuwa na baba, wandugu, wachumba wa zamani. Yeye alikuwa na kiti na kifaa mu sikio.

Mwenye alimupa jina la kwanza alikuwa mwandishi wa kitabu kidogo cha maelezo ya wahusika, William Rotsler, mu 1982: Nyota. Wapenzi wakalikamata na kulitumia kama lao. Filme zenyewe hazikulitamka mpaka mwaka wa 2009. Ni miaka 43 tangu watu walipomuona mara ya kwanza. Na habari za familia yake zilikuja mu Strange New Worlds, mu 2022, mwaka ule ule wenye Nichelle Nichols alikufa: Uhura ni mutu wa Kenya, mwenye wazazi na ndugu yake walikufa mu ajali, na mwenye alishika luga nyingi juu mu inchi yake kuna luga nyingi. Sababu rahisi namna hiyo, yenye mutoto yeyote wa Kasenga angeisema bila kufikiri, ilihitaji zaidi ya nusu karne.

Hapa inafaa kuwa mwangalifu. Haikuwa Paramount peke yake yenye ilimusahau. Watungaji wenyewe, wakati walikuwa na nafasi, waliitumia kwa wengine. Kukatwa kwa filme hakukuumba lile tundu. Kulilifunga tu vile lilikuwa, na kwa miaka mingi hakuna mwenye alikuwa na ruhusa ya kulijaza.

Na hadithi za huku?

Mwaka wa 2023 ulikuwa mwaka wa pekee kwa katuni za Afrika. Mwezi wa 7, Disney+ ilitoa Kizazi Moto, filme fupi 10 za wakati wenye unakuja, zenye kusimamiwa na studio Triggerfish ya Afrika Kusini, na jina lake ni la Kiswahili. Watungaji walitoka inchi sita: Afrika Kusini, Kenya, Misri, Nigeria, Uganda na Zimbabwe. Ng'endo Mukii wa Kenya alifanya Enkai, Raymond Malinga wa Uganda alifanya Herderboy. Mukongomani hakuwemo. Mu mwezi huo huo Netflix ilianza kuonyesha Supa Team 4, yenye ilitungwa na Malenga Mulendema: mabinti wane wa masomo wanaokoa Lusaka ya kesho. Zambia iko ng'ambo ya Luapula tu. Mutu akisimama ku kivuko cha Kasenga anaiona. Sezoni ya pili ilitoka mwezi wa 12.

Kizazi Moto iliundwa kwa namna moja yenye, ukiangalia vizuri, inaikinga. Kila filme ni ya dakika karibu kumi, na kila moja inajifunga yenyewe. Hata kompani ikifunga mulango kesho, hakuna shujaa mwenye atabaki ananing'inia. Lakini nyingi kati yao zinaonekana sawa mulango wa nyumba kubwa: dunia nzima imejengwa, unaingia kidogo, unatoka. Watungaji wenyewe wanataka kujenga nyumba. Na nyumba ya hadithi ndefu ni ya mwenye kulipa.

Mwezi wa 1 mwaka wa 2024 Amazon ilisema inaacha kuagiza filme mupya za Prime Video mu Afrika. Watungaji wa Nigeria na Afrika Kusini waliamka na kukuta moja ya milango yao mikubwa imefungwa kwa tangazo la siku moja, kwa sababu za hesabu za mbali, sawa vile za Prodigy. Tofauti iko hapa: Prodigy ilipata munununuzi mu miezi mine. Hadithi yenye inasema Kiswahili ao Kibemba, yenye soko lake halijulikane kwa wenye feza, ingengoja nani?

Mu Congo, kulikuwa mutu wa katuni mwenye alijua jibu lake. Jean-Michel Kibushi, mwenye alianzisha studio Malembe Maa mu 1988, alitoa mu 1991 filme ya Chura kwa wakwe zake, kutoka ku hadithi za mababu. Hadithi ya mababu iko na mwisho mbele kamera haiyawaka. Bibi aliisha kuisema. Na Lubumbashi, kikundi cha Mufwankolo kilicheza miaka na miaka, ku redio na ku televizyo, kwa Kiswahili cha kwetu kabisa, michezo yenye inajifunga siku ile ile: mulevi anapatikana, muke anasema neno lake, watu wanacheka, kwisha. Kikundi hakikuwa na haja ya kungoja sezoni.

Lakini redio za jamii zilifundishwa njia ingine. Mushirika wa kutoka mbali anakuja na mradi wa afya, ao wa amani, ao wa watoto wa mashimo, na analipa mchezo wa redio wa mufululizo. Wahusika wanapendwa. Watu wanawaita kwa majina ku soko. Kisha mradi unakwisha mwezi fulani, juu uliandikwa ukwishe mwezi ule, hata kama binti wa hadithi bado hajaamua ataolewa ao atarudi ku masomo. Waigizaji wanarudi ku kazi zao. Na maandishi yenyewe, mara nyingi, ni mali ya mushirika. Redio yenye ilirusha sauti haina ruhusa ya kuandika epizodi moja ya kufunga, hata bure, hata na waigizaji wale wale wenye wanakaa mu muji.

Ni jambo lenye linaweza kurekebishwa kwa mustari mumoja mu kontra. Waandishi wa vitabu wanaujua tangu zamani: mwenye kuchapa akiacha kuuza kitabu kwa muda fulani, haki inarudi kwa mwandishi. Mu filme na televizyo ule mustari ni adimu sana, juu kompani inapenda kufungia jina mu sanduku kuliko kulirudisha na kuona mwingine analitumia. Kwa mchezo wa redio wenye bajeti ndogo, lakini, hakuna sababu nzuri ya kuukataa. Wenye kusaini mu Kasenga, Pweto ao Lubumbashi wanaweza kuuliza swali mbele ya epizodi ya kwanza: feza ikikwisha, nani ataruhusiwa kusema mwisho? Na wanaweza kuomba kitu kingine, kidogo zaidi: epizodi moja ya kufunga iandikwe na kurekodiwa mapema, iwekwe pembeni, itumike kama mambo yanakatika. Watungaji wa Clone Wars hawakuwa na hiyo. Wa Prodigy walikuwa karibu nayo, na hiyo njo iliwaponyesha.

Wachache watasema kwamba mwisho wenye umetayarishwa mapema unaharibu utamu, kwamba mutungaji anapaswa kuachiwa aende penye hadithi inamupeleka. Wako na haki nusu. Prodigy yenyewe haikufunga kila kitu: mu epizodi ya mwisho wale watoto wa shimo wanapewa chombo kipya, chao kabisa, na wanaondoka nacho, na mutazamaji haambiwe wanakwenda wapi. Lakini wameondoka wote, pamoja, na kila mutu anaelewa luga ya mwenzake. Mutoto mwenye flashi yake inaishia pale anaweza kuwaendesha mwenyewe, chini ya muembe, jioni, na wadogo zake wakisikiliza na kumukatiza kila mara.